Sura ya Saba: Risiti ya Nani?

Mnunuzi wa gari la mtumba huogopa mambo mawili: injini mbovu na kadi ya usajili ya wizi. Ndiyo maana huja yadi na fundi wake, wakafungua boneti, wakaiwasha injini ikiwa bado baridi, wakalala chini kutafuta kutu na mafuta yanayovuja. Kisha humtuma mtu TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, kuhakikisha kwamba namba ya chesisi ndiyo iliyo kwenye mfumo. Anafanya vizuri. Lakini ipo hasara ya tatu ambayo fundi hawezi kuiona, kwa sababu huzaliwa baada ya pesa kulipwa. Ni ile ada anayotajiwa mtu akiwa tayari ameshika funguo.

Hutajwa kwa upole. "Kuna hela kidogo ya kumalizia kadi." Siku nyingine ni hela ya faili, ya ofisi, ya kijana anayefuatilia TRA, ya storeji ya bandarini iliyosahaulika kuingizwa kwenye hesabu. Au huja na masikitiko: "Ushuru ulipanda, bosi, hata sisi tumeumia." Kila moja imevaa jina la kitu halali. Kadi ipo kweli, TRA ipo kweli, bandari hutoza storeji kweli. Mnunuzi anayasikia majina anayoyafahamu, anahisi aibu kubishana kuhusu laki kadhaa baada ya kutoa mamilioni, analipa. Muuzaji anaijua aibu hiyo vizuri na ameiwekea bei.

Mimi siamini kwamba dawa ya jambo hili ni ukali. Nimeona watu wakifoka yadi mpaka wapita njia wakasimama kutazama, na bado wakalipa, kwa sababu kadi ilikuwa ndani ya droo ya muuzaji. Dawa ni swali moja linaloulizwa kwa utulivu kuhusu kila senti inayoongezwa: pesa hii inaishia kwa nani, na huyo anayeipokea anatoa risiti gani? Ada halali ina mpokeaji anayejulikana. Ikiwa ni ya serikali, ina kiwango kilichotangazwa na hulipwa kwa kontro namba. Ikiwa ni ya kampuni ya bima au ya wakala wa forodha, ina ankara yenye jina la kampuni. Ikibaki kwa muuzaji mwenyewe, basi ni sehemu ya bei yake, na bei mlishapatana.

Tuchukue mfano. Mwalimu amenunua Toyota IST yenye namba D katika yadi moja Kinondoni. Gari limeshasajiliwa nchini, limewahi kutumika, kwa hiyo kinachohitajika ni kuhamisha umiliki tu. Wamepatana shilingi 14,000,000, amelipa benki, ameendesha gari hadi nyumbani. Wiki inayofuata anaifuata kadi.

"Mwalimu, shikamoo. Kadi iko tayari, bado laki sita na nusu tu."

"Marahaba, mwanangu. Laki sita na nusu za nini tena?"

"Za TRA, mama. Kubadilisha jina."

Hapo ndipo watu wengi hupoteza, kwa kuanza kubishana kama laki sita na nusu ni nyingi au kidogo. Ukimtazama mpokeaji, kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa. Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikitoza katika kuhamisha umiliki wa gari, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho ya shilingi 50,000, na ada ya kadi mpya ya shilingi 10,000. Asilimia 1 ya 14,000,000 ni 140,000. Jumla yake ni 200,000. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Bajeti inayosomwa kila Juni, kwa hiyo Mwalimu aulize ofisi ya TRA iliyo karibu naye kabla ya kuinua simu. Lakini hata vikibadilika kidogo, ile 450,000 iliyobaki haiendi TRA. Inaenda kwa mtu, na mtu huyo ana wajibu wa kusema ni yeye.

Sasa mazungumzo yamebadilika. Mwalimu hana haja ya kusema "mnaniibia". Anasema, "Nipe kontro namba ya TRA, nitalipa mwenyewe kwenye simu sasa hivi. Na hiyo nyingine niandikie ni ya nani." Muuzaji mwaminifu aliyekosea hesabu ataisahihisha papo hapo. Asiye mwaminifu ataanza kuzunguka: mfumo uko chini, malipo yalishafanywa kwa pamoja na ya magari mengine, kijana wa kufuatilia ndiye mwenye risiti. Malipo ya serikali hayatoki bila kumbukumbu. Kama yalilipwa, risiti ipo.

Hadithi ya ushuru uliopanda inahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndiyo yenye kutisha na ndiyo yenye pesa nyingi. Gari linapoingia Tanzania kutoka Japani, TRA hailazimiki kufuata bei iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji wa huko. Inao mfumo wa uthamini wa magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi mtandaoni: unaingiza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, kinakupa thamani na kodi. Juu ya thamani hiyo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla, pamoja na tozo ndogo ndogo. Kwa kuwa kodi moja hupanda juu ya nyingine, thamani ikibadilika kidogo, mwisho wa hesabu hubadilika sana. Kwa hiyo mtu aliyeagiza gari ambalo bado liko melini anaweza kweli kukuta kodi imepanda. Hilo hutokea.

Lakini angalia wakati. Kodi hizo hulipwa ili gari litoke bandarini na kupewa namba. Gari lililosimama yadi likiwa na namba za njano au nyeupe limeshapita hatua hiyo. Muuzaji akikwambia baada ya mauzo kwamba ushuru wake umepanda, ama anakueleza gharama aliyoilipa zamani na kusahau kuiweka kwenye bei, jambo ambalo ni hasara yake, ama gari lina deni la kodi ambalo hakukuambia. Hili la pili ndilo la kuliogopa. Lipo gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi na mtu au shirika linalostahili, na likiuzwa kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi huamka. Lipo pia gari lililosajiliwa Zanzibar ambalo likihamishiwa Bara linaweza kudaiwa tofauti ya kodi. Katika hali zote mbili deni ni la kweli, TRA italidai kweli, na umiliki hautahama mpaka lilipwe. Swali linakuwa: nani alilijua, na alilisema lini? Muuzaji aliyeficha deni la kodi la mamilioni hajakuuzia gari kwa bei mliyopatana, na mimi nisingekubali kugawana naye deni hilo hata nusu kwa nusu, kama wapatanishi wengi wanavyopenda kupendekeza ili watu waelewane.

Kuhusu ada ya muuzaji mwenyewe, lazima haki itendeke pande zote. Yadi ina gharama. Kijana anayekwenda TRA anatumia nauli na siku nzima, na kazi yake ni kazi. Yadi ikisema tangu mwanzo, "Bei ni milioni 14, na huduma ya kukubadilishia kadi ni laki moja, ukitaka fanya mwenyewe," hapo hakuna dhuluma, ni biashara. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni bei inayotajwa ndogo ili mteja asiende yadi ya jirani, kisha inayorudishwa kuwa kubwa akiwa hana tena pa kwenda. Wanaoumizwa na biashara ya namna hii si wateja peke yao. Yule mwenye yadi ya jirani aliyetaja bei kamili tangu asubuhi amepoteza mteja kwa sababu ya ukweli wake.

Dalali ni sura yake peke yake, lakini hapa nigusie moja. Udalali hulipwa na aliyemtuma dalali. Kama wewe ndiye uliyempigia simu akutafutie gari, mkapatana ujira, mlipe bila kusumbuana. Kama ulimkuta yadi, akakufungulia mlango wa gari na kukusifia rangi, hukumtuma. Na kama ameshaweka cha juu chake ndani ya bei ya mwenye gari, amelipwa tayari. Usikubali alipwe mara mbili kwa gari moja.

Turudi kwenye droo yenye kadi, maana hapo ndipo nguvu ya muuzaji ilipo. Watu wengi hudhani kwamba akiwa na kadi mkononi anaruhusiwa kuikalia mpaka alipwe anachotaka. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haisemi hivyo. Sheria hiyo ilichukua mahali pa ile ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika hadi 1961, na ilirithi kutoka kwake maelezo mazuri ya shuruti. Shuruti si fimbo peke yake. Kuzuia mali ya mtu isivyo halali, au kutishia kuizuia, ili akubali jambo ambalo asingelikubali, nako ni shuruti. Makubaliano yaliyopatikana hivyo mwenye kushurutishwa anaweza kuyakana. Na pesa iliyolipwa kwa shuruti au kwa makosa, aliyeipokea anatakiwa kuirudisha. Mwalimu aliyelipa bei yote ana haki ya hati za gari lake. Kumwambia "toa laki nne na nusu au kadi haitoki" kunaingia vizuri sana ndani ya maelezo hayo.

Nayasema haya kwa sababu kuna wakati mtu hana budi kulipa. Bima inaisha, safari ya msiba iko kesho, askari wa barabarani anauliza kadi. Kulipa si kushindwa, mradi ulipe kwa namna inayoacha alama. Tuma ujumbe kabla ya kulipa: "Nalipa shilingi 450,000 ambazo hatukupatana na ambazo sikuonyeshwa risiti yake, ili nipate kadi yangu tu. Nalipa kwa pingamizi na nitazidai." Kisha lipa kwa njia ya simu au benki kwenda namba iliyosajiliwa kwa jina la yadi, kamwe si taslimu mkononi mwa kijana. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi mahakamani Tanzania, kwa hiyo usiudharau WhatsApp. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi, na zile sauti za muuzaji akisema "bei ni hiyo hiyo, hakuna kingine" zitunze kuliko picha za gari lenyewe.

Dai pia risiti ya mashine ya EFD kwa jumla yote uliyolipa, ikiwemo hiyo ya pingamizi. Mashine hizi zipo tangu 2010 na mfanyabiashara anayetakiwa kuwa nayo hana hiari. Mteja naye anaweza kupigwa faini kwa kutodai risiti, jambo ambalo Mwalimu anaweza kulisema kwa adabu kamili: "Mwanangu, hata mimi nitaulizwa." Nimeona ada nyingi zikiyeyuka katika hatua hii. Pesa isiyo na maelezo huwa haipendi kuingia kwenye mashine, kwa sababu ikishaingia inaonekana ni mapato ya yadi, na wala si ya TRA kama alivyoambiwa mteja.

Yadi ikikataa, watu hukimbilia polisi. Isipokuwa kuna utapeli wa wazi, kama gari lisilo la muuzaji au kadi bandia, polisi watakwambia hilo ni shauri la madai, na watakuwa wamesema kweli. Anza na barua ya madai, ukurasa mmoja: tarehe ya mauzo, bei iliyoandikwa kwenye mkataba, kiasi kilichoongezwa, viwango vya TRA, tofauti, na siku unazompa kurudisha. Barua ipokelewe kwa saini au ipelekwe pia kwa ujumbe. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mfanyabiashara kutoa kauli za uongo au za kupotosha kuhusu bei. Tume inafaa zaidi pale ambapo yadi hufanya hivyo kwa kila mteja. Kwa pesa yako wewe, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba, iko karibu, na mashauri yake huendeshwa kwa Kiswahili. Mwalimu anaweza kusimama mwenyewe na karatasi zake.

Kenya wamekwenda mbele zaidi kimaandishi, na ingefaa tuwaige. Sheria ya Ushindani yao ya mwaka 2010 inamzuia mtoa huduma kumtoza mteja ada yoyote, kwa jina lolote itakaloitwa, ambayo hakumjulisha kabla ya kuitoza au kabla ya kutoa huduma. Maneno hayo "kwa jina lolote itakaloitwa" yameandikwa na mtu aliyewahi kuona faili, ofisi na ufuatiliaji zikigeuka ada. Katiba yao ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa na huduma. Kisha wakaanzisha Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016. Ilipoanza kazi mwaka 2021, ilikuwa na uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja ya Kenya, na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Ada ya ziada ya yadi ya Ngong Road au Mombasa inatosha kabisa humo. Huko ada zinazozua mabishano zaidi huja na mauzo ya lipa pole pole: kifaa cha kufuatilia gari, uthamini, kuandaa mkataba, kuhamisha logibuku, yaani kadi ya gari ya kwao. Swali ni lile lile. Kampuni ya kifaa inatoa risiti ya shilingi ngapi, na wewe umetozwa ngapi? Ada ya NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen na kiwango chake kimetangazwa.

Ndugu zetu walio Marekani nao hukutana na jambo hili, likiwa limevaa suti. Huko inaitwa ada ya nyaraka, imechapishwa kabisa kwenye fomu, na hutofautiana jimbo kwa jimbo: California imeiwekea kikomo cha dola 85, Florida haina kikomo. Tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha Desemba 2023 kanuni ya kuwalazimisha wauza magari kutaja bei kamili na kuacha ada zisizo na faida kwa mnunuzi, lakini Januari 2025 mahakama ya rufaa iliitengua kwa sababu ya hatua za utungaji zilizorukwa. Wageni wengi huamini kwamba Marekani una siku tatu za kurudisha gari ukijuta. Kanuni ya siku tatu haihusu gari ulilonunua dukani kwa muuzaji. Kwa hiyo kule hasa, kubishana kunatakiwa kufanyika kabla ya saini, mstari kwa mstari, na kila mstari unaoonekana kama wa serikali ulinganishwe na viwango vya idara ya magari ya jimbo.

Na hapa kwetu, kabla ya pesa kutoka, sentensi moja kwenye mkataba wa mauziano inazuia karibu yote niliyoyaeleza: "Bei hii ni kamili na inajumuisha kodi, ushuru na gharama zote za gari hadi leo, gharama za kuhamisha umiliki zitalipwa na mnunuzi moja kwa moja TRA, muuzaji hatadai malipo mengine yoyote." Waandikie yadi wasaini, wakili agonge muhuri. Bakiza pia sehemu ya bei, iandikwe kwenye mkataba huo huo kwamba italipwa siku kadi itakapotoka kwa jina lako. Wauzaji wengi watanung'unika kuhusu kubakiza pesa, na baadhi wana sababu, kwani wapo wanunuzi waliotokomea na gari. Basi pesa hiyo ikae kwa wakili. Asiyekubali hata hilo, mwombe akuandikie orodha ya kila atakachokudai kuanzia leo hadi siku ya kadi, na uone kama kalamu yake itakuwa nyepesi.

Mwalimu wetu hakuwa na sentensi hiyo, lakini ana ujumbe wa bei, risiti ya benki na hesabu ya TRA. Mara nyingi mambo ya namna hii huishia mezani baada ya barua ya madai: yadi inakubali kubaki na laki moja ya ufuatiliaji, inarudisha 350,000. Akiona inamfaa akubali, maana muda wake nao ni mali, lakini makubaliano yaandikwe na pesa irudi kwa njia ile ile iliyotoka. Na kabla ya kusaini kwamba wamemalizana, asome kadi mpya mstari kwa mstari akiwa amesimama kando ya gari: jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya usajili, chesisi, injini, rangi. Likiwepo kosa la herufi moja, kadi irudi TRA kwa gharama ya aliyelifanya, na hilo nalo liingie kwenye karatasi kabla kalamu haijagusa chini.